Mtaa Uliogombana kwa Niaba ya Binti Mfalme

"Miezi mitatu! Miezi mitatu uko bondeni na kobe wako, hata salamu hukuleta, leo unarudi unaniuliza kwa nini nimenuna?"

"Nikae ndani nifanye nini? Nimtazame mwanamke anayetazama dirisha?"

"Dirisha linanijibu! Wewe ulinijibu lini?"

"Na wewe ulinisemesha lini nikakunyamazia?"

Mwanamke alikuwa kizingitini mwa nyumba ya upande wa kulia, upawa mkononi, uso umemwiva kwa hasira. Mwanamume alikuwa kizingitini mwa nyumba iliyotazamana nayo, upande wa kushoto, kiatu cha mtu kakivaa mkononi na sindano ya kushonea kaibana kwa meno, na kila alipotaka kujibu aliitoa kwanza, akajibu, akairudisha. Barabara baina yao haikuzidi hatua sita. Nyuma yao kila mlango ulijaa vichwa, na kila kichwa kilikuwa na la kuchangia. "Mwambie na ya chai!" walipiga kelele wa kulia. "Usikubali, mkumbushe alivyokugeuzia mgongo siku ya Idi!" wakajibu wa kushoto.

Bi Sikudhani, msusi wa Chuda, Tanga, ndiyo kwanza alikuwa anaingia mtaa ule. Alifikaje nchi ya Usutani si habari ya kutupotezea muda. Mwenyewe akiulizwa husema alifuata makelele, na wanaomjua huona jibu hilo linatosha. Alikuwa na kikapu chenye vitana, chupa ya mafuta ya nazi na vibonge vya uzi mweusi. Alikuwa pia na tabia moja iliyomtia matatani tangu utotoni: hakuweza kuona watu wanagombana akapita bila kuingia kati, kwanza ajue kisa, halafu awapatanishe, na kujua kisa ndiko kulikomnogea zaidi.

Akasimama katikati ya barabara.

"Jamani, jamani. Wewe baba, teremsha sauti, majirani wote wametoka. Na wewe dada, huo upawa utamtoa mtu jicho. Mume na mke mnamaliza mambo yenu barabarani, chumba hamna?"

Mtaa mzima ukanyamaza. Haukuwa ukimya wa watu waliopoa. Ulikuwa ule wa watu walioona mgeni akikalia jamvi la maiti.

Chini ya mwavuli mkubwa, penye mtaro, alikaa mtu mwembamba mwenye daftari. Alikuwa Karani Subeti, mwandishi wa mtaa. Akaiweka kalamu chini taratibu kama mtu anayelaza mtoto.

"Mama," alisema, "umezuia ugomvi wa serikali."

"Wa nani?"

Mwanamke wa upawa, aliyeitwa Bi Mashavu, akamvuta Bi Sikudhani kando. Hasira zote zilikwisha kumtoka usoni, amebaki mtu mwema tu mwenye jasho. "Shoga yangu, umejiponza. Yule si mume wangu. Mume wangu yule kule uani anamenya muhogo. Huyu jirani yangu, Mzee Feruzi, fundi viatu, mtu mzuri sana. Juzi tu kanishonea kandambili."

"Sasa mnagombania nini?"

"Ndoa."

"Ya nani?"

Bi Mashavu akanyoosha upawa kuelekea mwisho wa mtaa, ambako lango la kasri lilikuwa limefungwa, na juu yake dirisha moja la mashariki liko wazi.

Habari ilikuwa hivi. Miaka kumi na moja iliyopita, Mwanamfalme Fahari wa Usutani aliozwa Binti Mfalme Zafarani, aliyeletwa kutoka ufalme wa jirani akiwa na umri wa miaka kumi na mitano, masanduku arobaini na yaya mmoja, na yaya akarudishwa mpakani. Wazee wa baraza walijua kuwa ndoa haikosi ugomvi. Lakini walijua pia kwamba damu ya kifalme haigombani. Wakakaa siku tisa, wakatoka na ufumbuzi ambao hadi leo wanajisifia: ugomvi wa kifalme ufanywe na raia. Mtaa ulioelekea lango ukachaguliwa. Nyumba za kulia zikawa Mke, nyumba za kushoto zikawa Mume. Kila asubuhi saa tatu mbiu husomwa na kutaja shauri la siku, na mtaa hugombana mpaka mzinga wa saa sita. Karani huandika nani kashinda. Hukumu hupelekwa kasri, na aliyeshindwa hupelekewa karatasi ya kuomba radhi ambayo imekwisha kutiwa sahihi kwa niaba yake.

Nyumba za kushoto zilikuwa thelathini na moja. Za kulia zilikuwa tisa. Bi Sikudhani alipouliza kwa nini, aliambiwa kuwa aliyeamua upi ndio mkono wa kulia alizunguka mara kadhaa barabarani kabla ya kusimama. Katika miaka kumi na moja, Mke alikuwa ameshinda mara mbili, na moja ya siku hizo wa kushoto wote walikuwa na mafua.

Kwa kazi hiyo mtaa ulisamehewa kuchimba mitaro, na watu wake waliheshimiwa nchi nzima. Sharti lao lilikuwa moja. Wa kulia na wa kushoto waliruhusiwa kuazimana moto, chumvi na ngazi, ila kula pamoja kulikatazwa kabisa, maana baraza liliona mtu aliyetoka kulamba vidole kwa jirani yake hamtukani kwa moyo.

Mchana huohuo Bi Sikudhani alisimamishwa mbele ya Waziri wa Ndoa, Waziri Mahadhi, mtu wa tumbo la mviringo na wigi lililonyunyiziwa unga hadi akigeuka ghafla anaacha wingu. Wajumbe saba walikaa pembeni yake. Mjadala ulichukua saa mbili. Mjumbe wa kwanza alitaka mwanamke huyu afungwe mdomo kwa kitambaa cha hariri. Wa pili akauliza kama hariri si heshima iliyopita kiasi kwa mhalifu. Wa tatu akasema pamba. Wakapiga kura juu ya pamba.

"Kwani kosa langu nini hasa, Mheshimiwa?" aliuliza Bi Sikudhani. "Kwetu mtu akipatanisha watu hupewa soda."

Waziri Mahadhi akatabasamu kama mwalimu aliyeulizwa swali alilolisubiri. "Mama, ndoa ya kawaida huonekana kwa watoto, kwa kitanda, kwa sufuria. Ya kifalme tutaionaje? Watoto hawajapatikana, vitanda ni viwili, na sufuria hawazijui. Kinachothibitisha kwamba wameoana ni ugomvi. Ndiyo maana Ibara ya Nne inasema: siku ambayo mtaa wote hautagombana kuanzia mbiu hadi mzinga, ndoa hiyo haipo. Wewe leo umenyamazisha mtaa kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi na nne. Karani alihesabu. Umekaribia kumtaliki Mwanamfalme."

"Maskini, na mwenyewe hata hajui."

"Hajui nini?"

"Kwamba nilitaka kumtaliki."

Mjumbe wa tano, aliyekuwa amelala, akaamka akicheka, akaandikiwa onyo.

Hapo ndipo lilipozuka jambo jingine. Msusi wa Binti Mfalme alikuwa amefariki mwezi uliopita, na mrithi hakupatikana, maana sheria ilikataza kichwa cha Binti Mfalme kuguswa na mtu mwenye upande, na katika nchi nzima ya Usutani kila mtu alikwisha kuchukua upande, hata wale waliokaa milimani wasioujua mtaa wala kasri.

"Una upande?" Waziri Mahadhi alimuuliza.

"Nina vitana."

Wakanong'onezana. Adhabu ya pamba ikaahirishwa, na Bi Sikudhani akapelekwa kasri kusuka.

Kasri lile lilikuwa na watu mia nne na sehemu ya kukalia haikuwepo, maana kila kiti kilikuwa na cheo na hakuna aliyekuwa na hakika na chake. Bi Sikudhani alimkuta Binti Mfalme Zafarani amesimama katikati ya chumba chake cha mashariki, chenye baridi, hana nguo ya juu, mikono kaikunja kifuani. Mabibi kumi na wawili walimzunguka wakipokezana shimizi. Sheria ilitaka shimizi ipite kwa mkono wa kila aliyekuwepo, kuanzia mwenye cheo cha chini, na kila alipoingia bibi mwingine, shimizi ilirudi mwanzo. Ilikuwa mara ya tatu inarudi. Mwili wa Binti Mfalme ulikuwa umeota vipele vya baridi kama kuku aliyenyonyolewa.

Bi Sikudhani akavua kanga yake ya juu, akamfunika.

Mabibi kumi na wawili wakashika vifua vyao. Mmoja akauliza kwa sauti ya kufa, "Una cheo gani wewe?"

"Cha mama wa watu. Tokeni, nisuke."

Nywele zenyewe zilikuwa mnara. Zilikuwa zimepandishwa juu ya tenga la waya, zikapakwa samli na unga, zikachomekwa maua, bendera ndogo na ndege wa kufinyanga, hata ukisimama karibu ulimwona ndege na humwoni mwenye kichwa. Bi Sikudhani alifumua kwa saa nzima. Alikuta iliki, pini tisini, na kipande cha mkate kilichofichwa humo.

"Nilikuwa nakila nikisikia njaa," alisema Binti Mfalme. Ndilo neno lake la kwanza. Alikuwa na miaka ishirini na sita na sauti ya mtu ambaye hajaitumia sana. "Chakula changu hupita kwa watu thelathini na mmoja kabla ya kunifikia. Kila mmoja huonja, husifu, na husogeza. Kikifika, mchuzi umeganda. Sijala kitu cha moto tangu niolewe."

Bi Sikudhani akachovya vidole katika mafuta ya nazi, akaanza kumsugua ngozi ya kichwa. Binti Mfalme akafumba macho.

"Mikono yako ina joto," alisema. Baadaye kidogo akauliza, "Nje leo walikuwa wanagombania nini?"

"Hujui?"

"Mimi husikia kwa mbiu, kama watu wote. Juzi nilisikia nimemtukana mama mkwe. Nikakaa siku nzima najaribu kukumbuka nilimtukana lini. Mama mkwe alifariki kabla sijaja."

"Na mumeo mkizungumza mnasemaje?"

"Tulizungumza mara moja, miaka tisa iliyopita, ngazini. Aliniambia, 'Samahani.' Nilikuwa nimesimama anapotaka kupita."

Mume huyo alikuwa na kobe arobaini aliokuwa akiwafundisha gwaride, na alikuwa na Bibi Liwaza. Cheo cha Bibi Liwaza kilikuwa Mliwaza Mkuu. Alikuwa na beji, nguo rasmi na likizo, na aliyetia sahihi likizo zake, kwa mujibu wa kanuni, alikuwa Binti Mfalme.

Walipokuwa kwenye msuko wa tatu akaingia Waziri Mahadhi na wingu lake, ameshika karatasi. Kila alasiri alimletea Binti Mfalme shauri la kesho lipigwe muhuri, na sheria ilimkataza Binti Mfalme kulisoma. Nta ya muhuri ikawa imekwisha. Waziri akaiweka karatasi mezani, akaenda kuagiza nyingine. Bi Sikudhani hakusoma shule ya maana. Kusoma alijifunzia kwenye magunia ya mchele na mabango ya maduka, lakini alijua kutosha. Akainama, akasoma polepole, kidole juu ya herufi.

"Binti Mfalme ali... alimcheka Kanali hadharani. Je, kwa chuki hiyo kwa mumewe... apelekwe Nyumba ya Ukimya... maisha?" Akainua kichwa. "Kanali nani, mwanangu?"

"Kobe. Siku ya gwaride alipinduka chali na medali yake. Nilicheka. Sikuweza kujizuia." Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Nyumba ya Ukimya iko kilimani. Haina madirisha. Shangazi yake Mwanamfalme yumo humo tangu kabla sijazaliwa. Hupelekewa chakula na mtu aliyezibwa masikio. Mimi najua kisa. Bibi Liwaza anataka chumba hiki. Anasema ngozi yake inahitaji jua la asubuhi."

Halafu machozi yakamtoka. Hayakuwa na sauti. Yalishuka mpaka kidevuni, na kwa mazoea akageuza uso dirishani ili asionekane.

Bi Sikudhani alisuka misuko miwili mizima akipiga hesabu. Tisa kwa thelathini na moja. Hakukuwa na haja ya kusubiri mzinga kujua nani angeshinda. Hapo akaikumbuka Ibara ya Nne.

"Mwanangu, mimi ni msusi. Kinachosemwa kichwani mwa mtu nakiacha kichwani mwake, ndiyo amana yangu. Leo nakuomba ruhusa. Nikatoe habari zako nje. Zote. Nizimwage kama maji ya kuoshea mchele."

"Zitanisaidia nini?"

"Nyinyi watu wa kasri hamuijui nguvu ya umbea. Nipe ruhusa tu."

Binti Mfalme akafikiri. "Sema yote. Ila usiseme kwamba nalia. Hicho ndicho kitu changu peke yangu."

Jioni, kabla jua halijazama, Bi Sikudhani alikuwa mtaani. Bi Mashavu alimsikiliza, akaelewa, akaanza kuchambua mchele. Nyumba tisa za kulia zikatoa kila moja ilichonacho: nazi, kuku, papai, hata jogoo mzee wa nyumba ya mwisho ambaye hakuna aliyemsikitikia. Ila kwa nyumba za kushoto Bi Sikudhani hakupita na maombi. Hakumwambia mtu amhurumie Binti Mfalme. Aliwafahamu watu wale kwa siku moja kama anavyowafahamu wa kwao: huruma wangeiahirisha. Alikwenda kukaa tu kwenye benchi la Mzee Feruzi, akashusha pumzi.

"Mbona hivyo?" Mzee Feruzi aliuliza.

"Niache, kaka yangu. Niliyoyaona kule ndani! Yamenijaa mpaka hapa." Akajigusa koo.

Nyundo ya Mzee Feruzi ikasimama hewani. "Kama yapi?"

"Siwezi kuyasema barabarani. Kesho nitayasema mara moja tu, na sirudii. Kwa Bi Mashavu, ndani, saa ya mbiu. Atakayekuja aje na njaa, maana kutakuwa na pilau."

"Saa ya mbiu? Dada, mimi ni Mume wa Pili kwa cheo katika mtaa huu! Nikigomba mimi, watu hutoka mitaa mingine kuja kusikiliza. Na kula upande wa kulia ni marufuku."

"Ndiyo hivyo, ndugu yangu. Usije. Wenzako watakusimulia."

Alipoondoka, mtu yule alibaki amekodoa macho kama aliyeambiwa nyumba yake inaungua na maji hana.

Asubuhi saa tatu mbiu ilisomwa. "Binti Mfalme amemcheka Kanali! Je, apelekwe Nyumba ya Ukimya maisha?" Mpiga mbiu akasubiri makelele, akasikia vijiko. Wa kulia wa nyumba zote tisa walikuwa kwa Bi Mashavu. Wa kushoto walisimama vizingitini kwa muda wa kukohoa mara mbili. Kisha mlango mmoja ukafungwa polepole, mtu akavuka barabara akijifanya anatafuta kuku. Akafuata mwingine anayetafuta kuku huyohuyo. Mzee Feruzi alivuka akiwa amebeba ngazi, kama anairudisha, na ngazi ilikuwa yake. Mpaka mpiga mbiu anakunja karatasi, nyumba ya Bi Mashavu ilikuwa na watu hadi juu ya makasha, na penye mlango alisimama Karani Subeti, daftari kwapani, akisema yeye amekuja kikazi tu, na kama mguu wa kuku ungekuwepo asingekataa.

Bi Sikudhani akaanza. Alianza na shimizi, na watu wakasema aah. Akaja na mkate wa nywele, na watu wakasema ooh. Likizo za Bibi Liwaza zilifanya mwanamke mmoja wa kushoto aangushe tonge. Kobe Kanali alichukua nusu saa, kwa sababu Bi Sikudhani alimwigiza alivyopinduka, na ilibidi arudie.

Waziri Mahadhi alikuwa amefika barabarani. Akaukuta mtaa mtupu. Akagonga milango ya kushoto, hakuna mtu. Wa kulia walimchungulia dirishani, wakaendelea kula. Hapo aliona hatari, akafanya ambalo hajapata kufanya waziri yeyote: alisimama upande wa kulia akapiga kelele, "Hunipendi!" akavuka barabara mbio, akajibu, "Hupendeki!" akavuka tena. Kila jibu alilivukia. Wigi lilimtoka mara ya kumi na mbili.

Ndani, watu walishiba na habari zikapungua. Kufika saa tano na robo Bi Sikudhani alikwisha kueleza mpaka rangi ya mapazia. Akaona watu wanaanza kutazama mlango. Mzee Feruzi alijifuta midomo.

"Basi? Ndiyo hayo tu? Mimi nilidhani kuna kitu." Akasimama, anajinyoosha. Sauti ya Waziri nje ilikuwa ikimkera kama fundi anavyokerwa na kazi mbovu. "Sikilizeni yule anavyogomba. Hana pumzi, hana pozi. Ngoja nikamsaidie kidogo."

Kilibaki kitu kimoja tu, na ndicho kilichokuwa kitamu kuliko vyote. Ulimi wa Bi Sikudhani ulikifikia. Angesema tu, "Analia, jamani, tena bila sauti, anageukia dirishani," hakuna ambaye angetoka mle ndani mpaka magharibi. Akafungua mdomo. Akaufunga. Hajawahi kuumwa na kitu kama alivyoumwa na neno lile.

"Kaa, Mzee Feruzi," alisema. "Nakuuliza. Miaka kumi na moja umegomba kwa ajili ya ndoa ya watu wasiosemeshana. Mkeo wewe, mwenyewe, mara ya mwisho mligombana lini?"

Mzee Feruzi akacheka. Akamgeukia mkewe, aliyekuwa kajibanza pembeni na sahani. Mkewe hakucheka.

"Mwaka ule wa harusi yao," alisema mama yule. "Ulikuwa unaniuliza kwa nini nimenuna. Mbiu ikalia, ukatoka. Mpaka leo sijakujibu."

 Kutoka uani ikasikika sauti ambayo wengi hawakuijua. Alikuwa mume wa Bi Mashavu, kasimama na kisu. "Na mimi namenya muhogo miaka kumi na moja! Kila jioni nikitaka kumwambia mwanamke huyu neno, ananiambia amechoka kugomba na mume. Mume gani? Mume ni mimi!"

"Wewe unanisemea mbele za watu?" Bi Mashavu akadaka upawa.

Basi yakalipuka. Kila kona mtu na wake. Miaka kumi na moja ya chumvi iliyozidi, ya mahari iliyosahauliwa, ya mgongo uliogeuzwa kitandani, yote ilitoka kwa pamoja, na hakuna aliyetazama mlango tena. Waziri Mahadhi aliposikia kelele alikuja mbio dirishani, furaha imemjaa. "Wanagombana! Andika, Subeti, wanagombana!"

Karani Subeti akasikiliza kwa makini, mguu wa kuku mkononi. "Wanagombana, Mheshimiwa. Ila huu si wa serikali. Huu ni wao."

Mzinga wa saa sita ukalia.

Karani akaandika mstari mmoja. Hukumu ilipofika kasri, Mwanamfalme Fahari aliarifiwa kwamba hana mke. Wanasema alitafakari kidogo, akauliza kama jambo hilo litaathiri gwaride. Bibi Liwaza akahamishia mito yake chumba cha mashariki kabla ya alasiri, na siku ya pili yake akapewa barua: mliwaza ni wa mtu mwenye ndoa, na ndoa ikiwa haipo, cheo hakipo. Waziri Mahadhi aliunda tume.

Binti Mfalme Zafarani alitoka langoni kwa miguu yake, peke yake, kanga ya Bi Sikudhani mabegani. Nywele zilikuwa zimesukwa nusu. Nusu ya pili ilisimama ovyo. Akauteremka mtaa akipita katikati kabisa ya barabara, kwa kuwa hakuwa na upande, na kwa kuwa hajawahi kutembea barabarani hakujua pa kuweka miguu. Alipofika mbele ya nyumba ya Bi Mashavu, kelele zilikoma. Watu waliogombana kwa ajili yake miaka kumi na moja walikuwa hawajawahi kumwona uso. Wakamwangalia kutoka juu mpaka chini.

"Mwembamba," alinong'ona mmoja.

"Kumbe mfupi. Lilikuwa tenga."

"Hivi, tuseme ukweli," alisema Mzee Feruzi polepole, akimwinamia mwenzake, "kosa lilikuwa la nani hasa?"

Mkewe akampiga kiwiko.

Bi Sikudhani alikuwa mlangoni. Aliona Binti Mfalme amesimama mikono imening'inia, akitazama sinia la mwisho la pilau likifuka moshi kwenye kizingiti, na akaelewa anachosubiri. Alikuwa anasubiri watu thelathini na mmoja waonje kwanza.

Bi Mashavu naye akaelewa. Akachukua sahani, akapakua mwenyewe, akaweka na kipande cha paja alichokuwa amekificha wageni wasikimalize, akamnyooshea mikononi mwake moja kwa moja.

"Usisimame barabarani, mwanangu, watu hawa watakumaliza kwa macho," alisema. "Karibu ndani ule. Taratibu tu, kina moto."